Hodi Kwanza: Maadili ya Teknolojia Katika Shule ya Msingi

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha siku hizi hubeba kitu ambacho wakufunzi waliotutangulia hawakuhitaji kukifikiria. Pamoja na azimio la kazi, andalio la somo na zana alizozitengeneza kwa mikono yake, mfukoni ana simu yenye kamera, kinasa sauti na uwezo wa kupeleka habari kwa maelfu ya watu kwa muda wa dakika moja. Azimio la kazi hukaguliwa na mkufunzi. Andalio la somo hukaguliwa na mwalimu wa darasa. Simu haikaguliwi na mtu yeyote.

Rai yetu katika makala haya ni kwamba maadili ya teknolojia si mada ya kungojea mpaka kompyuta zifike katika shule zetu. Ni sehemu ya malezi, yanaweza kufundishwa kwa ubao, chaki na vipande vya maboksi, na somo lake la kwanza ni mwenendo wa mwalimu mwenyewe. Mwalimu anayechukua picha ya mtoto bila kuuliza amekwisha kufundisha, hata kama andalio lake la somo linasema jambo jingine.

Mtoto ni amana

Chukua mfano ambao mwanachuo yeyote anaweza kuutambua. Mtoto wa darasa la III katika shule mojawapo ya Makorora ameitwa ubaoni, naye ameandika kwamba saba kujumlisha tano ni kumi na moja. Mwalimu anacheka, anapiga picha na kuipeleka katika kundi la walimu wenzake kwenye simu. Hana nia mbaya. Lakini mmoja katika kundi hilo anaipeleka kwa ndugu zake, na hao kwa majirani. Kabla ya magharibi picha imefika Ngamiani na Mabawa. Asubuhi mtoto anaingia darasani akiitwa "Kumi na Moja", na huenda jina hilo likamfuata hadi darasa la VII. Tangu siku hiyo haendi tena ubaoni kwa hiari.

Hapa mwalimu amepoteza vitu viwili. Amepoteza imani ya mtoto, na amepoteza njia yake ya kufundishia, kwa sababu darasa ambalo watoto wanaogopa kukosea halifundishiki. Kosa la mtoto ubaoni ndilo linalomwonyesha mwalimu mahali pa kuanzia, na mtoto hulitoa kwa kumwamini. Likigeuzwa mchezo wa kuchekesha watu wazima, halitatolewa tena.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo. Sheria za nchi hazilioni hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa zile nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ya idhini ya maandishi. Tume ya kuisimamia sheria hiyo ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024. Kwa hiyo mwanachuo asidhani kwamba tunazungumzia adabu tu.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia kidogo katika njia hii. Sheria yao ni ya mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Picha hizo hazikuwa za aibu. Zilikuwa picha za kuitangaza shule, za aina ile ile ambayo shule nyingi za mwambao wetu huiweka mitandaoni kila siku ya mahafali. Kilichokosekana ni kuuliza.

Hodi

Watu wa pwani wanajua kuuliza. Mgeni anayefika nyumbani kwa mtu husimama nje akapiga hodi. Asipoitikiwa mara ya kwanza hurudia, na akipiga mara tatu pasipo jibu huondoka zake, hata kama mlango u wazi na sauti za watu zinasikika ndani. Mlango kuwa wazi si ruhusa ya kuingia. Mtoto wa miaka sita katika mitaa yetu analijua hili, na akilisahau hukumbushwa na mtu mzima yeyote aliye karibu.

Tunapendekeza kwamba mwalimu wa shule ya msingi aanzie hapo. Badala ya kuwaletea watoto maneno mageni, awaonyeshe kwamba jina, picha, sauti, alama za mtihani na habari za nyumbani ni mlango wa mtu. Anayezitaka hana budi kupiga hodi tatu. Hodi ya kwanza: hiki ninachotaka kuchukua ni cha nani? Hodi ya pili: ninakitaka kwa kazi gani? Hodi ya tatu: kitakwenda wapi, na kitakaa huko kwa muda gani? Asiye na jibu la maswali hayo matatu, na arudi alikotoka.

Hodi ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Picha iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu huonwa na wanaoingia ofisini, na siku ya kupaka rangi hubanduliwa. Picha iliyopelekwa mtandaoni hunakiliwa mahali ambapo aliyeipeleka hapajui wala hawezi kupafikia. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walikuwa wakizungumzia maneno, na leo usemi huo unaifaa picha pia.

Utafiti usiopiga hodi

Jambo hili halimhusu mwalimu na mwanafunzi peke yao. Kompyuta za siku hizi, zile zinazotambua nyuso, zinazosikia sauti na kuandika, na zinazojibu maswali kwa Kiswahili, zimefundishwa kwa maandishi, picha na sauti za watu. Mtu anayezitengeneza lazima akusanye vitu hivyo kutoka mahali fulani. Swali la maadili ya utafiti wa kompyuta, kwa hiyo, linarudi pale pale mlangoni: je, wenyewe waliulizwa?

Katika historia ya pwani yetu liko funzo ambalo mwalimu anaweza kulitumia. Wakati wa ukoloni ilienea hofu ya mumiani, watu waliodaiwa kukamata raia na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Wageni wengi waliicheka hofu hiyo na kuiita ujinga. Lakini tukiitazama kwa makini, ndani yake mlikuwa na swali la haki: kwa nini mtu aje na sindano, achukue kitu kilichomo mwilini mwangu, aende nacho nisikokujua, pasipo kunieleza kwa lugha ninayoifahamu?

Sayansi ya tiba yenyewe ililazimika kulijibu swali hilo. Baada ya maovu yaliyofanywa na madaktari wa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 ziliweka idhini ya hiari kuwa sharti la kwanza, na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likafuata. Hapa mkoani kwetu, wilayani Muheza, kipo kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Siku hizi mtafiti anayetaka tone la damu ya mtoto kwa kupima malaria hutakiwa kumweleza mzazi shabaha ya kazi yake, kumwambia kwamba anaweza kukataa, na kupata idhini yake. Haya hayakuja kwa bahati. Yalidaiwa, yakaandikwa, na watafiti wakafundishwa kuyafuata.

Utafiti wa kompyuta haujafika hapo. Kwa juma moja la mwezi Januari 2012, katika mtandao wa Facebook, watafiti walibadili habari walizoonyeshwa watumiaji 689,003. Baadhi yao walipunguziwa habari za furaha, wengine habari za huzuni, ili ionekane kama maandishi yao wenyewe yatabadilika. Watu hao hawakujua kwamba wamo katika jaribio. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014 lilizuka lawama kubwa, na utetezi uliotolewa ulikuwa kwamba kila mtumiaji alikwisha kukubali masharti ya jumla siku alipojiandikisha. Hiyo ni sawa na kusema kwamba mtu aliyekukaribisha sebuleni mwaka jana amekuruhusu kuingia jikoni leo.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na chombo cha mradi uitwao Worldcoin. Waliokubali waliahidiwa sarafu za kidijiti zenye thamani ya shilingi za Kenya elfu kadhaa. Tarehe 2 Agosti mwaka huo serikali ya Kenya iliusimamisha mradi huo, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo zifutwe. Mahakama iliona kwamba idhini iliyopatikana kwa kishawishi cha malipo haikuwa idhini halali. Uamuzi huo una funzo kubwa kwa mwalimu. Mtoto anayekubali kurekodiwa sauti kwa sababu ameonyeshwa peremende, au kwa sababu anamwogopa mwalimu, hajakubali.

Hatusemi kwamba kila ukusanyaji ni wizi. Katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, wasemaji wa Kiswahili wamesoma sentensi kwa hiari yao ili kompyuta zijifunze kuisikia lugha yetu, nao wameelezwa tangu mwanzo kwamba sauti hizo zitakuwa wazi kwa wote. Huko hodi imepigwa na mwenye nyumba ameitikia. Lugha yetu inahitaji kazi za namna hiyo, na mwanachuo mwenye umri wa kujiamulia anaweza kushiriki. Mwanafunzi wake hawezi kujiamulia, wala mwalimu hawezi kumwamulia bila mzazi.

Hoja mbili za kujibu

Hoja ya kwanza tunayoisikia kutoka kwa wanachuo ni kwamba watoto wa shule zetu hawana kompyuta, hivyo somo hili ni la watoto wa matajiri. Hoja hii haisimami. Mtoto wa Makorora huenda hajawahi kugusa kompyuta, lakini simu ya mama yake anaijua vizuri kuliko mama. Ndiye anayemsomea bibi ujumbe wa pesa. Ndiye anayekutana wa kwanza na ujumbe wa tapeli usemao "ile pesa itume kwenye namba hii". Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, na wako watu waliogundua kwamba laini wasizozijua zimesajiliwa kwa vidole vyao, baada ya wakala kuwaambia, "Weka tena kidole, mtandao unasumbua." Wasiokuwa na mali nyingi ndio wanaoumia zaidi wanapochukuliwa kile kidogo walicho nacho.

Hoja ya pili hutoka kwa walimu wakongwe, nao husema dawa ni kupiga marufuku. Simu isiingie shuleni, basi. Ni kweli kwamba mwanafunzi hana haja ya kuwa na simu darasani, wala hatuwatetei wanaozificha kwenye mikoba. Lakini kukataza si kufundisha. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za Wizara ya Fedha kushindwa kufanya kazi ilivyotarajiwa, serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuwa na sababu zake, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Hata hivyo ilipoondolewa katika miaka ya 1990, kompyuta zilikuja vile vile, na waliokuwa tayari kuzitumia walikuwa wachache. Mtoto anayekatazwa simu mpaka amalize shule ataipata siku moja baada ya kumaliza. Swali ni je, atakuwa amejifunza nini kabla ya siku hiyo? Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Udadisi wa leo hauna budi kuifikia na simu.

Namna ya kufundisha bila mashine

Tunapendekeza mazoezi matatu kwa madarasa ya IV hadi VI. Kila moja linatosha katika kipindi cha dakika 40, na yanaweza kuwekwa ndani ya masomo yaliyopo bila kuongeza kipindi.

Zoezi la kwanza, la maadili, ni la kadi. Mwalimu akate maboksi matupu na kuandika juu ya kila kipande habari moja: jina langu, mtaa ninaoishi, namba ya siri ya simu ya baba, alama zangu za Hisabati, ugonjwa wa dada yangu, chakula nikipendacho. Watoto, katika vikundi vya watano, wazipange katika mafungu matatu: ya kumwambia yeyote, ya kuwaambia ninaowaamini, na isiyo yangu kuitoa. Vikundi vitatofautiana, na kutofautiana huko ndiko kunakozaa majadiliano. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Lakini jambo moja alisisitize bila kusita: siri ya mtu mzima anayemwumiza mtoto, au anayemtaka afiche jambo asilolipenda, haimo katika mafungu hayo. Hiyo hupelekwa mara moja kwa mzazi, mwalimu au mtu mzima anayeaminiwa. Somo la faragha lisilotaja jambo hili linaweza kumsaidia mwovu.

Zoezi la pili, la Kiswahili, ni la uvumi. Watoto kumi wasimame katika mstari. Wa kwanza anong'onezwe sentensi kama hii: "Kesho saa mbili asubuhi maji yatakatika Makorora kwa muda wa saa nne." Imfikie wa mwisho kwa minong'ono, naye aitamke kwa sauti. Baada ya kicheko, darasa liandike ubaoni maswali ya kuuliza kabla ya kupeleka habari mbele: nani amesema? Alijuaje? Ilisemwa lini? Nani mwingine amethibitisha? Mwalimu aongeze la tano: ikiwa si kweli, nani ataumia?

Zoezi la tatu, la Hisabati, ndilo tunalolithamini zaidi, kwa kuwa linamfanya mtoto awe mtafiti. Watoto wakusanye habari juu ya njia ambayo wenzao huitumia kuja shuleni: kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bajaji au kwa basi. Kabla ya kuuliza, kila mtafiti aeleze anataka nini na kwa nini, na amwambie mwenzake kwamba anaweza kukataa. Mwalimu apange kwa siri na watoto wawili kwamba wakatae, ili darasa lione kwamba kukataa hakuleti adhabu. Majina yasiandikwe. Hesabu ipigwe ubaoni na kuchorwa grafu ya mihimili.

Kisha mwalimu aulize: "Je, ingawa hatukuandika majina, tunaweza kumtambua mtu?" Kama mtoto mmoja tu anakuja kwa basi kutoka Pongwe, darasa zima litamjua kwa kuutazama mhimili wake peke yake. Hapo watoto watakuwa wamelifikia tatizo linalowashughulisha wataalamu wa kompyuta ulimwenguni, kwamba kufuta jina hakutoshi kumficha mtu. Na wao wenyewe watapendekeza dawa, kama vile kuunganisha mhimili wa basi na ule wa bajaji na kuuita "kwa chombo cha abiria".

Mwalimu kama kielelezo

Mazoezi haya yote yatakuwa kazi bure kama mwalimu atayafundisha saa tatu, na saa nne akapiga picha ya mtoto aliyelala darasani. Kwa hiyo tunawaomba wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezini wajiwekee masharti yafuatayo.

Kwanza, picha ya zana za kufundishia au ya ubao wako ipigwe pasiwepo uso wa mtoto. Mkufunzi haihitaji sura ya mwanafunzi ili akupe alama. Pili, picha ya watoto ikihitajika kwa sababu ya haki, shauri la mwalimu mkuu litangulie, na idhini ya mzazi ipatikane kwa maandishi, kwa karatasi inayosema picha itatumika wapi. Tatu, usipeleke daftari, alama wala kosa la mtoto katika kundi lolote la simu, hata la walimu peke yao. Nne, akija mtu shuleni kukusanya sauti, maandishi au picha za watoto kwa utafiti, omba kuona kibali chake. Utafiti una mamlaka zake, ikiwamo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na mtafiti wa kweli hachukii kuulizwa. Tano, mtoto akikataa, mwache, na uwakataze wenzake kumcheka.

Tunajua kwamba sharti la tatu ni gumu. Makundi ya walimu ni mahali pa kusaidiana, na mwanachuo aliye peke yake katika shule ngeni anahitaji ushauri wa wenzake juu ya makosa ya wanafunzi. Basi na aandike kosa lenyewe kwa mkono wake: "Mtoto amejumlisha saba na tano akapata kumi na moja, nimsaidieje?" Ushauri utapatikana, na mtoto hatajulikana.

Wanachuo watakaojaribu mazoezi haya tunawaalika waandike katika kurasa hizi yale waliyoyaona: ni kadi gani ilileta ubishi, darasa gani lilihitaji muda zaidi, na wazazi walisema nini walipoletewa karatasi ya idhini. Waandike bila ya majina ya watoto.